Wanataka kunisomesha ubora, na karatasi za friji ziko kwenye mkoba wangu

Shikamoo Shangazi,

Mimi ni muuguzi hapa Mwanza, kwenye hospitali ya binafsi ambayo naomba nisiitaje. Nina stashahada ya uuguzi na ukunga, nimeolewa, nina watoto wawili, na mume wangu anafanya biashara ya dagaa pale Mwaloni, Kirumba. Safu yako tunaisoma zamu ya usiku wodi ikitulia, kwa hiyo wenzangu wataiona barua hii. Nimebadilisha mambo madogo madogo ili wasinijue.

Hospitali yetu inatafuta ithibati. Uongozi umeona kwamba makampuni ya migodini upande wa Geita, na bima pia, wanapenda kuingia mkataba na hospitali yenye cheti cha ubora ukutani. Basi tangu mwaka jana kila kikao ni ubora, ubora. Kuta zimepakwa rangi, mabango ya kunawa mikono yamebandikwa mpaka chooni, kila idara imeambiwa iunde timu yake ya kuboresha huduma. Sasa wanataka mtu mmoja akasomee kabisa usalama wa mgonjwa na mambo ya ithibati. Miezi sita, sehemu kwa mtandao na sehemu Dar es Salaam, mwisho wake mtihani wa cheti cha kimataifa. Ada, nauli na malazi ni juu yao. Akirudi anakuwa afisa ubora, ana ofisi, hakuna zamu za usiku, na mshahara unapanda. Matroni amependekeza jina langu.

Sharti ni kusaini mkataba wa kuwatumikia miaka mitatu. Ukiondoka kabla, unarudisha gharama zote.

Najua mtu akisikia hivi atasema huyu dada ana bahati, analalamika nini? Ngoja nikueleze.

Mwaka jana wakati wa masika kulikuwa na binti wa mkataba wodi ya watoto, mchapakazi kweli. Usiku mmoja umeme ulikatika, jenereta likachelewa kuwaka, akawa anaandaa dawa ya mtoto kwa tochi ya simu. Akanyoosha mkono kwenye trei kuchukua maji ya sindano, akachukua potasiamu, ile ambayo ikidungwa bila kuchanganywa inaweza kusimamisha moyo. Vichupa ni vya plastiki vyote, saizi moja, ndani maji tu, maandishi ya bluu. Alikuwa ameshavuta kwenye bomba. Alipotaka kukitupa kichupa ndipo akasoma jina. Mtoto hakuguswa. Asubuhi yule binti akaandika mwenyewe kwenye kitabu cha matukio, kama tulivyofundishwa. Akaitwa ofisini, akapewa barua ya onyo, na mkataba wake ulipoisha haukuongezwa. Trei ipo palepale mpaka leo, vichupa vimelala pamoja vilevile.

Tangu hapo kitabu hakijaandikwa hata mstari mmoja. Kwenye kikao cha mwezi uliopita katibu wa hospitali alikiinua mbele ya watu: "Mnaona? Hakuna tukio hata moja. Huu ndio ubora." Watu wakapiga makofi.

La pili. Juzi juzi katibu huyohuyo aliniita akanikabidhi karatasi za joto la friji ya leba, zile za kujaza asubuhi na jioni. Miezi mitatu ni mitupu, kwa sababu kipimajoto kiliharibika na hakikununuliwa kingine. Akaniambia, "Wewe ndiye afisa ubora wetu mtarajiwa. Jaza tu namba kati ya mbili na nane, badilisha badilisha kalamu, watathmini wanakuja." Alisema kwa upole, hata soda akaniagizia. Karatasi ziko kwenye mkoba wangu. Sijazijaza na sijamwambia kwamba sitazijaza.

Nyumbani, mume wangu anasema nikikataa watampa mwingine, friji itabaki ileile na mimi nitabaki na zamu za usiku. Mama yangu yuko Ukerewe, umri umekwenda. Nimeomba ajira serikalini mara kadhaa nikiomba Mungu nipangiwe Nansio niwe karibu naye. Nikisaini miaka mitatu halafu jina langu likatoka, nitafanyaje? Na kazini wenzangu wameshaanza. Nikiingia chumba cha chai mazungumzo yanakatika. Mmoja alinitania, "Karibu mkaguzi," wenzake wakacheka. Nikikaa kwenye kile kiti nitakuwa yule wa kuwaambia waandike makosa yao, na wote wanajua kilichompata yule binti. Wataniona mnoko wa bosi tu.

Matroni ndiye aliyenipokea nikiwa sijui hata kushika faili. Anastaafu mwakani, na nahisi nikikataa nitamvunja moyo. Wanataka jibu kabla ya mwisho wa mwezi.

Shangazi, niende kusoma au nisiende? Na hiki kitu wanachokiita ubora, ni kweli kipo au ni makaratasi ya kupata mikataba?

Muuguzi, Mwanza


SHANGAZI ANAJIBU

Marahaba mwanangu. Pole na zamu.

Umeuliza kuhusu masomo, lakini sehemu kubwa ya barua yako ni trei, friji na binti ambaye hayupo tena kazini. Nadhani hapo ndipo usingizi unapokupotelea. Kama hospitali ingekuwa imevitenganisha vile vichupa asubuhi ileile, na yule binti angekuwa bado wodini, ungeniandikia kuniomba ushauri wa nguo za kuvaa Dar es Salaam. Kwa hiyo swali la kwenda au kutokwenda naliweka pembeni kidogo, nitalirudia.

Nianze na lile la mwisho, maana naona limekuchosha. Ubora upo, na una ushahidi, tena mwingine umetoka hapa hapa Tanzania. Shirika la Afya Duniani lilipotengeneza orodha yake ya usalama wa upasuaji, karatasi moja yenye vipengele 19, iliijaribu kwenye hospitali nane za miji minane. Kulikuwa na London, Seattle, Toronto, na kulikuwa na Ifakara. Matokeo yalichapishwa mwaka 2009: vifo baada ya upasuaji vilishuka kutoka asilimia 1.5 hadi 0.8, na madhara mengine makubwa kutoka asilimia 11 hadi 7. Karatasi, mwanangu, ileile unayoichukia. Ila pale watu walikuwa wanasimama kabla ya kisu kugusa ngozi, wanatajana majina kwa sauti, wanathibitisha mgonjwa ni nani na anapasuliwa wapi, ndipo wanatia alama. Ukitia alama zote 19 wakati mgonjwa ameshapelekwa wodini, umetia wino tu.

Sasa kile kitabu kitupu. Makadirio ya Shirika la Afya Duniani ni kwamba karibu mgonjwa mmoja kati ya kumi hupata dhara fulani akiwa kwenye huduma, na hiyo ni hata kwenye nchi tajiri zenye vifaa vyote. Hospitali inayolaza watu mwaka mzima halafu kitabu chake hakina kitu, mtathmini anayeijua kazi yake hatapiga makofi. Atauliza ni nani aliyeandika mara ya mwisho na alifanywa nini. Kwenye mafunzo unayotaka kupelekwa utafundishwa hilo mapema kabisa, pamoja na mawazo ya James Reason, yule mwanasaikolojia wa Uingereza aliyeeleza kwamba dhara hutokea pale udhaifu wa hatua kadhaa unapojipanga mstari mmoja. Angalia usiku ule: vichupa viwili vya sura moja, trei moja, jenereta lililochelewa, muuguzi mmoja bila wa kuhakiki naye. Ukimwondoa binti ukaacha vingine vyote, umemwandalia nafasi hiyohiyo atakayekuja baada yake.

Na hapa naomba nikubishie kidogo. Umeandika kana kwamba bila cheti huwezi kufanya kitu kuhusu ile trei. Tangu mwaka 2007 Shirika la Afya Duniani limetoa mwongozo kwamba potasiamu kali isiyochanganywa isikae holela wodini na ishughulikiwe peke yake kwa tahadhari, na kwamba dawa zinazofanana sura au jina zitenganishwe. Nyinyi wenyewe mmefundishwa 5S, ule utaratibu wa hatua tano wa kupanga mahali pa kazi, uliotoka Japani na kuanzia Mbeya mwaka 2007 kabla ya kusambaa nchi nzima. Sasambua, yaani kutenga kinachotakiwa kuwepo na kisichotakiwa, ndiyo hatua ya kwanza kabisa. Kuhamishia potasiamu kwenye kabati la peke yake lenye kufuli na lebo nyekundu hakuhitaji bajeti ya bodi. Umeshamwomba mfamasia? Umeshalipeleka kwenye timu ya idara yako kwa maandishi? Sikulaumu. Nauliza kwa sababu jibu watakalokupa kwenye hilo dogo litakuonyesha ofisi hiyo unayoahidiwa itakuwa na nguvu kiasi gani.

Nije kwenye karatasi za mkobani. Hapa nitasema wazi zaidi kuliko kawaida yangu.

Kwenye friji ya leba kuna oksitosini, sindano inayomzuia mama asitoke damu nyingi baada ya kujifungua. Inatakiwa ikae kati ya nyuzi 2 na 8. Ikikaa kwenye joto inapoteza nguvu taratibu, na kwa macho huwezi kujua, kichupa ni kilekile. Mama akitokwa na damu saa nane usiku mtamdunga, mtasubiri tumbo la uzazi likaze, na hamtajua kwa nini halikazi. Halafu mtu atafungua faili aone miezi mitatu ya namba nzuri, aseme friji ilikuwa sawa, tatizo ni mkunga wa zamu. Umewahi kulifikiria kwa upande huo? Karatasi ya uongo inaweza kuwapeleka wachunguzi mbali na friji na kuwaleta kwa mwenzako.

Sisi watu wa ziwa tunalijua hili kwa uchungu. Tarehe 20 Septemba 2018 kivuko cha MV Nyerere kilizama karibu na Ukara. Kwa maandishi kilikuwa cha abiria 101. Waliokufa peke yao walikuwa zaidi ya 220. Wewe wa Ukerewe sina haja ya kukusimulia. Sisemi katibu wenu ni mtu mbaya. Nasema namba ya kwenye karatasi na kilichopo ndani ya chombo vikiachana, anayelipa ni aliyepanda.

Tena saini ni yako. Leseni unayoihuisha Baraza la Uuguzi na Ukunga ni ya kwako, haina jina la katibu. Likitokea la kutokea, soda haitakumbukwa na mtu.

Kuna njia ya kati hapo, na watu wa fani niliowauliza wanaipenda: ile miezi mitatu inaandikwa ilivyo, kwamba haikupimwa kwa sababu kipimajoto kilikuwa kibovu, halafu kinanunuliwa kingine na kipimo kinaanza siku hiyo kwa tarehe ya siku hiyo. Dawa zilizokaa humo mfamasia anaziangalia na kuamua. Watathmini wamezoea kukuta pengo lililoelezwa. Pengo lililofichwa wanalinusa pia, maana hawakai ofisini kusoma faili tu: watafungua friji, watamuuliza mhudumu, watamfuata mgonjwa mmoja kuanzia mapokezi mpaka anaporuhusiwa. Na hospitali kuanza chini si aibu. Mpango wa SafeCare wa kupima ubora wa vituo vya afya, ulioanzishwa mwaka 2011 na ambao vituo vingi vya binafsi na vya dini hapa nchini vinautumia, una ngazi tano ili mtu aanze ya chini apande. Serikali ilipoanza kuvipa vituo vya msingi nyota mwaka 2015, vingi viliambulia sifuri au nyota moja, na havikufungwa kwa sababu hiyo. Vilipewa mpango wa kurekebisha. Inawezekana katibu wenu hajui haya. Anaweza kuwa anaamini kwamba pengo moja litawanyima mkataba wa mgodi na mishahara ya watu wote. Hofu ya namna hiyo inazungumzika. Umeshamuuliza anaogopa nini hasa? Na mkurugenzi, anajua kwamba karatasi hizo zipo? Barua yako haimtaji hata mara moja, nami nimejiuliza kwa nini.

Haya, masomo.

Mumeo ana hoja, usimpuuze. Ukikataa, kiti kitakaliwa, na anayeweza kukikalia ni mtu ambaye hajawahi kuiona ile trei kwa tochi. Ila hoja yake ina kitu kimoja imekiruka: haisemi utakuwa na mamlaka gani ukishakikalia. Afisa ubora anayeripoti kwa katibu huyohuyo anayempa karatasi za kujaza atamaliza miaka mitatu akijaza karatasi. Anayeripoti kwa mganga mfawidhi au kwa bodi, mwenye nafasi kwenye kikao cha uongozi na uwezo wa kusema dawa hii isitumike mpaka tujue, huyo ni mtu mwingine kabisa. Cheti ni kilekile kwa wote wawili. Kwa hiyo kabla ya kusoma habari ya ada, tafuta maelezo ya kazi yenyewe. Yapo kwa maandishi? Kama hayapo, unaweza kuyaandika wewe ukawapelekea. Mtu anayetakiwa ana nafasi ya kuomba ambayo hataipata akishasaini.

Mkataba wenyewe usome polepole. "Gharama zote" ni zipi: ada tu, au na mshahara watakaokulipa ukiwa masomoni? Deni linapungua kila mwaka unaotumikia, au ukiondoka mwaka wa tatu mwezi wa kumi bado unadaiwa yote? Ukifeli mtihani je? Wakikuachisha wao, au wakakunyima cheo walichokuahidi, bado unalipa? Na ajira ya serikali ikitoka, kuna kipengele cha kuaga kwa amani? Kuwa na deni linalojulikana ukaamua kulilipa uende Nansio kwa mama yako ni jambo moja, kukuta deni ulilokuwa hulijui ni jingine. Kama uko kwenye chama cha wafanyakazi cha TUGHE au chama cha wauguzi, peleka nakala waisome. Kama hauko, mwanasheria wa kukusomea kurasa chache hatakula mtaji wa dagaa wote.

Uliza pia cheti ni kipi. Vyeti vya fani hii ni vingi na havilingani. Kwa mfano CPHQ ya Marekani ni mtihani ambao hauulizi una digrii gani wala una uzoefu wa miaka mingapi. Unasoma, unalipa, unafanya. Lakini ukishakipata unakihuisha kila baada ya miaka miwili kwa saa 30 za mafunzo. Atakayelipia huko kukihuisha ni nani? Na ni cha kwako kokote uendako, au watakishikilia ofisini? Lisemwe pia hili: kozi za usalama wa mgonjwa zisizolipiwa zipo, Shirika la Afya Duniani linazo mtandaoni. Kuanza na moja ya hizo usiku wodi ikitulia, badala ya kunisoma mimi, kutakuonyesha kama fani yenyewe unaipenda au ulichopenda ni kulala nyumbani. Na kutaka kulala nyumbani si dhambi, una watoto.

Njia ulizonazo naziona hivi, na hakuna isiyo na mwiba. Unaweza kukubali kwa masharti uliyoyaandika. Hatari yake ni kwamba watakubali kwa mdomo na baadaye wasahau. Unaweza kuomba uanze na kozi fupi isiyo na mkataba mrefu, halafu mtazamane baada ya hapo. Hatari ni nafasi kwenda kwa mwingine. Unaweza kukataa na kubaki wodini, ukafanya usalama kwenye zamu yako na kuisubiri ajira. Utakuwa huru, lakini ile trei itabaki kutegemea nani yuko zamu. Na unaweza kupeleka suala la karatasi juu zaidi, kwa mkurugenzi au hata nje ya hospitali. Hilo lina uzito wake, unaweza kupoteza zaidi ya masomo, na nisingependa ulifanye peke yako au ukiwa na hasira. Ukilifikia, weka tarehe na maneno uliyoambiwa kwenye daftari lako mwenyewe, na zungumza kwanza na mtu wa chama.

Kuhusu wenzako. Unasema watakuona mnoko. Inawezekana. Lakini nimejiuliza kama kimya cha chumba cha chai ni chuki, au ni watu wanaosubiri kuona utakuwa wa upande gani. Wao nao walipiga makofi kwenye kile kikao, na sidhani kama kuna aliyeamini. Kwenye fani hii watu hutenganisha mtu aliyeteleza kama binadamu, mtu aliyezoea njia ya mkato kwa sababu ndivyo wodi inavyoishi, na mtu aliyepuuza makusudi akijua. Wa kwanza anafarijiwa na mazingira yanarekebishwa, wa pili anaelekezwa, wa tatu ndiye wa kujibu. Yule binti alikuwa wa kwanza, tena aliandika mwenyewe. Kama sharti lako mojawapo lingekuwa uongozi utamke mbele ya wote kwamba anayeandika tukio kwa nia njema haadhibiwi kwa kuliandika, na lisainiwe, sidhani kama wangeendelea kukuita mkaguzi kwa muda mrefu. Wangekujaribu kwanza, wangeandika kitu kidogo waone, mgonjwa ameteleza bafuni au kitambulisho kimekosewa jina. Ukilinda hilo dogo, makubwa yatakuja.

Halafu, huyo binti, umeshampigia simu? Sisemi ubebe mzigo wa uamuzi ambao haukuwa wako. Ila kuna mtoto ambaye yuko hai kwa sababu dada mmoja alisoma jina la kichupa kabla ya kukitupa, na nina hofu kwamba hakuna mtu wa hospitali hiyo aliyewahi kumwambia hivyo.

Matroni umemwekea maneno mdomoni. Umesema nikikataa nitamvunja moyo, lakini hujasema amekwambia hivyo. Mtu aliyekaa kwenye kazi mpaka kustaafu ameona wageni wengi wenye fomu wakija na kuondoka. Huenda amekupendekeza kwa sababu anajua habari ya trei na anataka mtu atakayeing'ang'ania yeye akishaondoka. Huenda pia alipendekeza tu kwa kuwa unafika kazini mapema. Mtafute nje ya hospitali, mwonyeshe zile karatasi za friji, msikilize. Yeye bado ana mwaka, na neno la matroni anayestaafu lina uzito ambao lako halijafika. Kama kuna mtu wa kwenda naye kwa mkurugenzi, ni huyo.

Mwisho wa mwezi ni karibu, na umeandika kana kwamba tarehe hiyo imeteremka kutoka mbinguni. Omba wiki mbili, kwa barua fupi ya heshima: unashukuru kwa kuaminiwa, unaomba kuuona mkataba na maelezo ya kazi kabla ya kujibu. Wakikupa mkataba, omba utoke nao ukausome nyumbani na mumeo. Wakisema usomwe hapohapo ofisini na usainiwe kabla hujatoka, niandikie tena kabla ya kushika kalamu.